Mbwa Aliyefichwa Watu Halindi Nyumba

Ukinunua leo mtoto wa mbwa wa aina kubwa, awe German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, ushauri wa kwanza hautatoka kwa daktari wa mifugo. Utatoka kwa shemeji, kwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, kwa mlinzi wa nyumba ya tatu ambaye aliwahi kufanya kazi kwa tajiri mwenye mbwa sita. Na ushauri wenyewe ni uleule kuanzia Tegeta hadi Kitengela: usimzoeshe watu. Mfungie bandani mchana kutwa, mfungulie saa nne usiku. Asiguswe na wageni, asichezewe na watoto, asione barabara. Alishwe na mtu mmoja tu. Akikosea, fimbo. Wapo wanaotia pilipili kwenye ugali wake, na wapo wanaoapa kwamba mbwa akikaa gizani miezi sita ya mwanzo hutoka simba.

Nimesikia maneno haya yakisemwa kwa upole na watu wazima wenye akili zao, wasio na chuki na mnyama yeyote. Ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa kirefu. Kuyaita ukatili na kuondoka hakutoshi, ingawa ni ukatili kweli, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mwenye nyumba aliyevunjiwa mara mbili hatakusikiliza ukimhubiria huruma. Anataka kulindwa. Basi tuzungumze ulinzi. Ninachodai ni kwamba njia hii inafeli kwa kipimo chake chenyewe: inatoa mbwa asiyejua kulinda, halafu inamwacha ndani ya ua mmoja na watoto.

Wenye imani hii wana jambo moja la kweli, nami sitalificha. Wamewahi kuona mbwa aliyelelewa sebuleni kama mtoto wa mwisho, akamtikisia mkia kila aliyeingia, na siku wezi walipokuja akalala fofofo au akafuata kipande cha nyama. Kutoka hapo wakahitimisha kwamba kilichomharibu ni watu. Kwa upande mwingine wameona mbwa aliyefungiwa: anarukia wavu, mate yanamtoka, banda zima linatikisika. Mgeni anarudi nyuma hatua tatu, mwenye nyumba anatabasamu. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu anachokiona kwenye ule wavu ni hofu, naye anaihesabu kuwa ushujaa. Mnyama aliyebanwa pembeni asiye na pa kukimbilia hupiga kelele za kutisha. Mtoe mbwa huyohuyo kwenye uwanja wazi, umsogelee umeinua mkono. Atazunguka kwa mbali akibweka, atarudi nyuma, na ukimpa mgongo atakuja kukung'ata kisigino. Mwizi mzoefu analijua hilo kuliko mwenye mbwa.

Kinachompata mtoto wa mbwa asiyeguswa na binadamu kilishapimwa zamani. Mwaka 1961 watafiti watatu, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, Marekani. Watoto wa beagle na wa cocker spaniel walilelewa na mama zao kwenye viwanja vilivyozungushiwa ua mrefu, wasione watu. Kwa umri tofauti, baadhi walitolewa wakakaa na binadamu wiki moja, wakashikwa, wakachezewa, kisha wakarudishwa. Hiyo wiki moja iliwatosha wengi kuzoea. Walioachwa humo bila kuguswa mpaka wiki ya 14 walitoka kama wanyama wa porini. Hawakumsogelea mtu, na kubembelezwa baadaye kuliwasaidia kidogo sana. Scott na Fuller, waliofanya kazi katika maabara hiyohiyo, waliandika katika kitabu chao cha 1965 kwamba kipindi cha mbwa kujifunza ni nani wa kuogopwa na ni nani wa kawaida huanza karibu wiki ya 3 na kuanza kufunga karibu wiki ya 12.

Beagle ni mbwa mpole aliyekuzwa kwa ajili ya kufuata sungura. Weka mahali pake Boerboel atakayefika kilo 70, kisha fikiria kalenda yetu. Wengi hununua mtoto akiwa na wiki nane. Kati ya zile wiki za thamani zimebaki nne, na hizo nne ndizo tunazozitumia kumficha nyuma ya jiko.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya maabara za Wamarekani. Sawa, twende kijijini. Mbwa wa kienyeji huzaliwa chini ya ghala, macho hayajafunguka vizuri watoto wameshambeba. Anakua akikanyagwa mkia, akiiba kwenye sufuria, akifuata mbuzi hadi mnadani na kurudi. Anamjua mwalimu, anamjua mwenyekiti wa kitongoji, anamjua mlevi anayepita kila jioni akiimba. Hakuna aliyemficha kitu. Haya, jaribu kupita kwenye uwanja huo saa nane usiku kama wewe si mwenyeji. Na bibi aliyelala ndani atausikiliza ule mbweko dakika moja tu akwambie kama ni mtu, ni fisi, au ni ng'ombe aliyefungua kamba. Mbwa yule anajua yasiyo ya kawaida kwa sababu ya kawaida ameyaona yote.

Kwa hiyo hii imani ya kumficha mbwa tusiwasingizie mababu. Imezaliwa mjini, sambamba na kuta za matofali zenye vipande vya chupa juu yake. Na mbwa wake wa mjini, aliyefungiwa, anabwekea nini? Kila kitu. Anabwekea pikipiki, paka, adhana ya alfajiri, embe lililoangukia mabati, mtoto wa jirani anayekohoa. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba huamka na tochi. Mwezi wa tatu hupiga kelele dirishani, "Nyamaza wewe!", akajifunika shuka. Baada ya hapo mwizi anaweza kuja na ngazi. Mbwa atabweka, na hakuna atakayeinuka, kwa kuwa hata jana alibweka vilevile.

Halafu tuulize jambo ambalo wauzaji wa ukali hawapendi kuulizwa: mbwa huyo anamng'ata nani? Mwizi yuko nje ya ukuta kwa usiku mmoja katika mwaka, pengine asije kabisa. Ndani ya ukuta, kila siku, kuna mtoto wa miaka minne, dada wa kazi, fundi bomba, shangazi aliyefika na basi la usiku. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, ukachapishwa 1994, ulilinganisha mbwa waliouma watu wasio wa familia zao na wengine wa mtaa uleule ambao hawajawahi kuuma. Waliouma walielekea zaidi kuwa mbwa wanaofungwa mnyororo nyumbani. Sisemi mnyororo peke yake ndio ulioleta meno. Huenda wengine walifungwa kwa sababu walishakuwa wabaya. Lakini anayekwambia mnyororo unatengeneza mlinzi anakuuzia kitu ambacho mahali pengine kimeonekana kikitembea pamoja na majeraha ya watu wasio na hatia.

Na kwetu jeraha la mbwa halijawahi kuwa jeraha tu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa asiyeshikika ni mbwa asiyechanjika kirahisi. Nimeona daktari wa mifugo akisimama nje ya banda na sindano mkononi, mwenye mbwa akimwambia subiri kidogo daktari, leo kaamka vibaya. Daktari akaondoka. Huo ndio ulinzi tunaousifia.

Hapa inabidi niwageukie pia baadhi ya madaktari, maana nao wana imani yao: mtoto asitoke getini mpaka amalize chanjo zote, yaani mpaka wiki ya 16. Sababu yao ni nzito. Parvo, ugonjwa ulioibuka duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, unaua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu ndani ya siku chache, na mitaa yetu ina mbwa wengi wasiochanjwa. Lakini wiki ya 16 kile kipindi cha kujifunza kimeshafungwa. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba mtoto aanze kuonyeshwa ulimwengu kabla chanjo hazijakamilika, kuanzia wiki ya 7 au ya 8, mradi amepata chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla na dawa ya minyoo. Sababu waliyotoa inatisha: kwao huko, mbwa wa chini ya miaka mitatu wanaopoteza maisha kwa sababu ya tabia zao ni wengi kuliko wanaouawa na magonjwa ya kuambukiza.

Tena wala hakuna ulazima wa kumshusha chini. Rottweiler wa wiki tisa anabebeka. Chukua kiti, kaa naye mapajani getini jioni watu wanaporudi kazini. Apitiwe na mama wa buibui, mzee wa kanzu na bakora, wanafunzi wenye mabegi mgongoni, kijana mwenye helmeti ambaye uso wake hauonekani. Kila anapomtazama mtu bila kutetemeka, dagaa mmoja. Akiogopa, sogeza kiti nyuma, usimsukumie kitu anachokiogopa. Asikie mvua kwenye mabati, jenereta, matarumbeta ya harusi. Akanyage sakafu ya vigae, mchanga, majani, wavu wa mfereji. Mleteeni nyumbani mbwa mzima wa ndugu aliyechanjwa, mpole, amfundishe adabu za kimbwa. Haya yote ni dakika kumi au ishirini kwa siku, na ukishachelewa hayanunuliki: akifika miezi mitano huwezi kumbeba, wala huwezi kumrudisha wiki ya tisa.

"Basi atamkaribisha mwizi." Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mara, na anayelitoa huwa anadhani amemaliza mjadala. Hajamaliza. Ulinzi wa mbwa wa aina hizi umo katika damu yake, na huja wenyewe anapokomaa, kati ya mwaka mmoja na miwili. Mtoto wa miezi minne anayemnusa kila mgeni kwa furaha hajapoteza chochote. Kumlazimisha alinde katika umri huo ni kumtia hofu tu, nayo hofu hukua naye.

Kama humwamini mwandishi wa makala, waamini waliomtengeneza mbwa mwenyewe. German Shepherd alisimamiwa na Max von Stephanitz, afisa wa jeshi wa Ujerumani aliyeanzisha chama cha mbwa hao mwaka 1899. Alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo kabla hajawa mbwa wa polisi. Mpaka leo, katika utaratibu wa mashindano ya mbwa wa ulinzi uliotoka Ujerumani, mbwa haruhusiwi hata kuanza mtihani wa kung'ata kabla hajafaulu mtihani mwingine: apite katikati ya kundi la watu wasiomjua, akutane na mwendesha baiskeli na mkimbiaji, na asijali. Akija kwenye ule wa ulinzi, naye awe ametimiza miezi 18, anapimwa pia kwa kuachia. Asipoachia kwa amri, amefeli, hata awe na taya za mamba. Waliobuni mbwa huyu walitaka kwanza atulie. Sisi tumenunua mbwa wao, tukatupa maelekezo ya matumizi.

Au achana na Wajerumani, waulize mafakihi wa Kishafi, ambao mtu wa pwani hawezi kuwaita Wazungu. Kwao mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo anaruhusiwa kufugwa, na mawindo ya mbwa huliwa iwapo mbwa amefunzwa. Amefunzwa maana yake nini? Aende akitumwa, akome akikatazwa, asijilie windo. Kipimo chote ni utii. Ukali haukutajwa popote. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani ninachokitetea ni kumlaza mbwa kwenye kochi. Nyumba ambayo mbwa haingii ndani kwa ajili ya tohara ya swala inaweza kabisa kulea mbwa mwema: awe na kibaraza chake cha nyuma, na watu waende kwake. Anachokihitaji ni watu, vigae vya sebuleni hakuna aliyemwahidi.

Imani ya fimbo nayo siku hizi imepata suti mpya. Vijana wanaojiita wakufunzi, waliohitimu kwenye video, wanakuja nyumbani kukwambia mbwa ni mbwa mwitu, na kundi la mbwa mwitu lina bosi, kwa hiyo lazima uwe bosi: mlaze chali umkandamize mpaka asalimu amri, ule kabla yake, upite mlangoni kabla yake. Hadithi hii ina chimbuko. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliokusanywa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wageni watupu waliofungiwa ndani ya uzio mmoja, wakawa wanapigania nafasi. Kitabu cha David Mech cha 1970 kikalisambaza wazo hilo. Kisha Mech mwenyewe akaenda miaka na miaka kuwatazama mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi, hakuna bosi aliyetwaa kiti kwa vita. Akamwomba mchapishaji aache kukitoa kile kitabu chake cha awali. Mwenye hadithi ameifuta, mwanafunzi wake wa Mbezi bado anaifundisha kwa pesa.

Na kuna kichekesho hapa. Anayeniambia kulea mbwa kwa ujira wa chakula ni uzungu hajui kwamba kile kiboko chake nacho kina cheti cha kuzaliwa Ulaya. Konrad Most, mfunzaji wa mbwa wa polisi na wa jeshi la Ujerumani, alitoa mwongozo wake mwaka 1910, umejaa shuruti, kamba za kubana na fimbo. Ukitaka mfano wa kufundisha mnyama uliokomaa katika ardhi yetu, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Wanaanza panya akiwa mdogo sana, macho ndiyo kwanza yamefunguka: anabebwa, anazoeshwa mikono, sauti za magari, harufu na ardhi za namna mbalimbali. Halafu anafundishwa kwa mlio mdogo wa kubofya na kipande cha ndizi au karanga. Baada ya miezi karibu tisa yuko tayari. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alifanya kazi Kambodia akagundua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na masalia ya vita, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Hakuna aliyempiga. Uhai wa wakulima na wanafunzi wa kijiji kizima ulitegemea utii wa mnyama wa kilo moja na kitu, na utii huo ulinunuliwa kwa ndizi. Sisi tunasema Rottweiler mwenye kichwa kama ndoo hawezi kuelewa bila kiboko.

Mwaka 2020 pia, watafiti wa Ureno walilinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Waliotoka shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Waliofundishwa kwa ujira hawakuwa hivyo. Lakini hata bila maabara, mwangalie mbwa anayepigwa kila akinguruma. Anaacha kunguruma. Mwenyewe anafurahi, amepata heshima. Siku moja mtoto anamwinamia akiwa amelala na mbwa anauma bila onyo lolote, watu wanasema ghafla tu, hata hakunguruma. Alishafundishwa kutonguruma.

Sasa usiku wa kwanza. Mtoto ametolewa kwa mama yake na ndugu saba, amepakiwa kwenye boksi, amefika kwenye ua wa watu asiowajua. Analia. Desturi yetu inasema mwache, atazoea. Atanyamaza kweli, kwa sababu amechoka, na alichokizoea ni kwamba akiita hakuna anayekuja. Weka boksi lake mahali pumzi ya mtu inasikika: karibu na mlango wa chumba, kibarazani ambapo mmoja wenu atatandika godoro siku kadhaa, au kwenye kibanda cha mlinzi kama mlinzi ni mtu wa maana. Baada ya wiki moja mbili anza kumsogeza kidogo kidogo kuelekea atakapolala siku zote. Choo kina hesabu nyepesi: kila mwezi wa umri wake ni kama saa moja ya kujizuia. Wa miezi miwili, baada ya saa mbili kibofu kimejaa. Mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza, na akijisaidia panapofaa msifu hapohapo. Kumsugua pua kwenye mkojo wake kunamfunza kukojoa nyuma ya pipa usipomwona.

Ukubwa ndio unaofanya mambo fulani yasisubiri. Kitoto cha kilo nane kikikurukia kifuani unacheka na kupiga picha. Mwaka mmoja baadaye ni kilo 40, na anayerukiwa ni bibi mwenye nyonga mbovu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza asisalimiwe akiwa amesimama kwa miguu miwili. Miguu minne ikiwa chini ndipo mkono unashuka kumkuna. Akila, mtu apite karibu na kumwongezea kipande kizuri kwenye bakuli. Wanaolinyakua bakuli ili kumwonyesha mkubwa ni nani wanamfundisha kwamba binadamu akikaribia, chakula kinaibiwa, kisha wanashangaa ananguruma. Mshike masikio, fungua mdomo, gusa kucha, kila siku kidogo. Mfundishe kutokula kilichorushwa chini. Sumu ndani ya nyama ni silaha ya wezi wetu, na ingawa hakuna mafunzo yanayoondoa hatari hiyo yote, mbwa anayeshindishwa njaa ili awe mkali ndiye wa kwanza kuimeza.

Na afundishwe nani? Mara nyingi mwenye nyumba anamlipa mkufunzi, anamsahau anayekaa na mbwa saa kumi kwa siku, yaani dada wa kazi au mtunza bustani. Baba anamwamuru mbwa kwa Kiingereza jioni, dada anamwamuru kwa Kiswahili asubuhi, watoto wanapiga miluzi, kisha mbwa anapigwa kwa kutoelewa. Kubalianeni maneno manne matano, wote myatumie hayohayo. Dada naye apewe ule mfuko wa dagaa.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, kwa sababu kosa lenyewe ni moja. Tunataka jitu haraka, tunamjaza, na wengine wanaongeza unga wa mifupa au vidonge vya kalsiamu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watoto wa Great Dane wanaopewa kalsiamu ya kupita kiasi hupinda mifupa, kwani mwili mchanga wa mbwa mkubwa haujui kuikataa ya ziada. Katika utafiti mwingine Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa robo pungufu ya chakula cha wenzao waliishi kwa kawaida miaka 13, walioshiba zaidi 11.2, na nyonga zao zikaharibika mapema. Mbavu zake zihisike chini ya kiganja. Na wale wanaomkimbiza mbwa wa miezi sita nyuma ya pikipiki kwenye lami ili akomae waache. Ncha za mifupa yake ni gegedu mpaka mwaka au mwaka na nusu. Watafiti wa Norwei waliofuatilia mbwa wa aina kubwa walikuta ngazi katika miezi mitatu ya kwanza zinaongeza hatari ya nyonga kuharibika, na kucheza huru kwenye ardhi laini kunaipunguza. Uwanja wenye majani unatosha.

Najua litakalobaki: "Mimi sina muda huo." Hilo nalikubali kuliko hoja zote zilizotangulia, kwa sababu angalau ni la kweli. Asiye na muda asichukue Boerboel. Kuna mbwa wa kienyeji wazima, waliokulia kwa watu, wenye sauti ya kutosha, wasiodai nyama ya kilo mbili, na watamwamsha mwenye nyumba kwa sababu iliyo sahihi. Kuna taa ya nje. Kuna jirani mnayesalimiana.

Mwenye muda na nia aanzie kwa muuzaji, kabla hajatoa hata shilingi. Aombe kumwona mama wa watoto, na amwone akiwa nje, mlango wa banda ukiwa wazi. Aulize ni nani anayewashika kila siku na wamezaliwa lini. Na muuzaji akijisifu kwamba hiki cha miezi minne hakijawahi kuguswa na mtu, ndiyo maana ni kikali na bei yake iko juu, amuulize ni nani atakayekishika siku ya chanjo.